Joka la Lambton na Nadhiri Iliyoachwa Nje ya Filamu

Salim: Karibuni tena, wasikilizaji. Wiki hii tumeitazama The Lair of the White Worm, filamu ya kutisha ambayo Ken Russell aliiongoza mwaka 1988 kutokana na riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1911. Dada Mwanaidi, naona ilikukera.

Mwanaidi: Haikunikera, kaka Salim, ilinisikitisha, kwa kuwa naipenda sana hadithi iliyoizaa. Kule Durham, kaskazini mwa Uingereza, husimuliwa kwamba kijana John Lambton aliacha ibada ya Jumapili akaenda kuvua katika mto Wear, na ndoana yake ikamnasa kiumbe mdogo, mwembamba, mwenye utelezi kama mkunga, na matundu tisa kila upande wa kinywa. Akamtupa kisimani, akaenda zake kwenye vita vya msalaba. Humo kisimani kiumbe akakua, hata akatoka akiwa joka la kuzunguka kilima kizima, likidai kila siku maziwa ya ng'ombe tisa.

Salim: Neno lao "worm", ambalo leo ni mnyoo tu, zamani lilikuwa na maana hiyo ya joka.

Mwanaidi: Ndiyo. Sasa John aliporudi, mwanamke mmoja mwenye hekima alimshauri avae deraya iliyopachikwa ncha za mikuki na apigane katikati ya mto, ili joka likimviringisha lijikate lenyewe, na vipande vyake vichukuliwe na maji kabla havijaungana. Malipo yalikuwa nadhiri: akishinda, amuue kiumbe hai wa kwanza atakayempokea. Akapatana na baba yake kwamba baragumu likilia, mbwa afunguliwe. Baragumu likalia, na mzee, kwa furaha, akamsahau mbwa, akakimbia mwenyewe kumkumbatia mwanawe. Mimi huogopa hapo, kuliko pale penye joka.

Salim: Kijana hakuweza kumuua. Alimuua mbwa, lakini nadhiri ilikwisha kuvunjika, na ukoo ukalaaniwa kwamba vizazi tisa visifie kitandani. Hata Henry Lambton, aliyefariki ndani ya gari lake la farasi mwaka 1761, wasimulizi humhesabu humo.

Mwanaidi: Filamu imeyaacha yote hayo. Hugh Grant ni bwana wa ukoo wa D'Ampton, ambaye mhenga wake aliliua joka, na uovu wote umewekwa kwa Lady Sylvia, kuhani wa joka mwenye meno ya sumu.

Salim: Niruhusu niitetee kidogo. Amanda Donohoe, anayemwigiza Sylvia, anatisha kwa utulivu wake, kwa jinsi anavyomkaribisha mgeni ndani kwa sauti laini huku sisi tunajua kitakachofuata. Na Peter Capaldi anapopuliza zumari la mfuko la Kiskoti ili kumpumbaza aliyegeuzwa nyoka, nilishika pumzi.

Mwanaidi: Donohoe nampenda hata mimi. Lakini kila mlango ulipofunguliwa katika nyumba ile ya D'Ampton, nilimngoja yule mzee atoke mbio, mikono wazi, na hakutoka.