Baada ya saini: jirani anayetoka vitani

NEEMA: Leo nimekuja na ugomvi, kaka Idrisa. Kipindi kilichopita ulisema nchi ikitoka vitani, jirani yake ana kazi mbili tu: alinde mpaka, afungue biashara. Nimeisikiliza tena mara tatu. Sikubali.

IDRISA: Mara tatu! Basi sikusema "tu". Nilisema hizo ndizo za kwanza. Na bado nasimama palepale. Jirani anayejifanya daktari wa siasa za wenzake mara nyingi huishia kuwa sehemu ya ugonjwa.

NEEMA: Haya, tuanzie nyumbani, maana Watanzania tunapenda kuwahubiria wenzetu amani kana kwamba sisi hatujawahi kuteleza. Uganda, 1979.

IDRISA: Umeanza na kidonda.

NEEMA: Amin aliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya uwezo, sababu na nia anaijua hata mtoto aliyezaliwa juzi. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Simulizi zetu huishia hapo, tunapiga makofi. Mimi nataka ya Aprili 12.

IDRISA: Aprili 12 Uganda haina jeshi la maana, haina polisi, maduka yameporwa, na anayelinda mitaa ya Kampala ni askari wa JWTZ. Nchi yenyewe iliyomtuma askari huyo imekausha hazina kwa vita, na mwaka huohuo bei ya mafuta duniani inapaa. Ukibaki unaumia, ukiondoka wanauana.

NEEMA: Na serikali ya kuwakabidhi Waganda ilishafinyangwa Moshi. Mwezi Machi makundi yao ya uhamishoni yalikutanishwa pale, yakaunda muungano wa UNLF, Yusuf Lule akatoka kiongozi. Akaapishwa, akadumu siku 68. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na Tume ya Kijeshi. Mwezi huohuo Obote, rais aliyepinduliwa na Amin na aliyekuwa akiishi uhamishoni hapa kwetu, akarudi. Desemba uchaguzi, chama chake kikatangazwa mshindi, wapinzani wakasema wameibiwa. Februari 1981 Museveni kaingia msituni.

IDRISA: Kwa hiyo unasema Mwalimu alimpachika Obote.

NEEMA: Wanahistoria wanalibishania hilo na mimi si hakimu wao. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mwenye bunduki mjini akiwa ni wewe, basi kila rais anayeanguka, watu wataamini ameanguka kwa ridhaa yako. Na anayerudi akiwa ni rafiki yako wa siku nyingi, utamshawishi nani kwamba hukuhusika? Hukumsukuma mtu, sawa, lakini kitasa cha mlango ulikishika wewe.

IDRISA: Sasa si unanisaidia mimi? Hayo ndiyo yanayonifanya niseme jirani abaki mpakani.

NEEMA: Hapana. Nakwambia tulikosea kwa kushikilia watu. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kuaminika wa kumkabidhi Uganda, na mtu huanguka. Kuna kitu kingine cha kushikilia, na tulikuja kukijua kwa Burundi, baada ya miaka ishirini.

IDRISA: Arusha.

NEEMA: Arusha.

IDRISA: Nitaanza mimi basi, kwa sababu Burundi inaanza na jambo ambalo watu wa amani hamlipendi. Julai 1996 Buyoya anapindua serikali. Kabla wiki haijaisha, tarehe 31, viongozi wa kanda wamekutana Arusha na kumwekea vikwazo. Burundi haina bahari. Jirani akifunga njia, umekwisha.

NEEMA: Na walioumia ni akina nani?

IDRISA: Mkulima wa kahawa na mama anayetafuta mafuta ya taa. Walanguzi wakanona, hilo silifichi. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Lakini niambie, bila shinikizo lile Buyoya angekaa meza moja na wapinzani wake Juni 1998? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Umoja wa Mataifa kule New York ni mbali. Dar es Salaam ilikuwa karibu, na ilikuwa na fimbo.

NEEMA: Nakupa nusu. Fimbo ilimfikisha mezani, haikuandika kilichotoka mezani. Mwalimu alikuwa msuluhishi hadi alipofariki Oktoba 1999. Akaja Mandela, na Agosti 28, 2000 makubaliano ya amani ya Arusha yakatiwa saini. Pande 19! Mimi hiyo namba hunichekesha kila mara, kwa sababu waasi waliokuwa wakipigana hasa, CNDD-FDD na FNL, hawakuwemo kati ya hizo 19.

IDRISA: Yaani makubaliano ya amani bila wenye silaha.

NEEMA: Na vita ikaendelea. CNDD-FDD walikuja kutia saini Novemba 2003, Dar es Salaam. FNL wakachukua miaka mingine. Kama ungehesabu kwa siku ile ya Agosti, Arusha ilikuwa picha nzuri ya marais na hakuna zaidi.

IDRISA: Lakini?

NEEMA: Lakini soma kilichoandikwa, pale Arusha na kwenye katiba ya 2005 iliyofuata. Katika Bunge la Taifa, asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi. Seneti nusu kwa nusu. Jeshini hakuna kabila linaloruhusiwa kuzidi nusu. Hakuna mahali panaposema rais awe fulani. Sasa angalia. Nkurunziza wa CNDD-FDD, ambaye chama chake hakikuwemo mwaka 2000, ndiye anayeshinda 2005, na anaingia ndani ya nyumba iliyojengwa na watu wengine. Migao ile ilikuwa imeingia kwenye katiba. Mtu aliyebadilika ni rais, mpango ukabaki.

IDRISA: Ukabaki hadi 2015.

NEEMA: Nilijua unaelekea huko.

IDRISA: Lazima! Mkataba unasema mtu asiwe rais zaidi ya vipindi viwili. Nkurunziza anasema cha kwanza hakihesabiki kwa sababu alichaguliwa na bunge. Watu wanaingia barabarani Bujumbura. Mei 13, 2015 yuko hapa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mkutano unaomjadili yeye, na huko nyuma Jenerali Niyombare anatangaza kampindua. Mapinduzi yakashindwa. Kanda ikaomba uchaguzi usogezwe mbele, akaufanya Julai, akashinda. Desemba Umoja wa Afrika ukasema utapeleka askari 5,000, Januari ukarudi nyuma. Tarumbeta kubwa, hewa ndogo. Wadhamini wa Arusha walikuwa wapi, dada Neema?

NEEMA: Walikuwepo. Tatizo ni nani wa kumwambia mwenzake habari za ukomo wa vipindi. Mpatanishi aliyeteuliwa na Jumuiya ni Museveni, na Uganda ilikuwa imefuta ukomo wa vipindi vya urais tangu 2005. Mzee Mkapa alipokabidhiwa uwezeshaji wa mazungumzo Machi 2016 alijitahidi miaka karibu mitatu, serikali ikagoma kukaa na wapinzani walio nje ya nchi. Wenye nyumba za vioo wanajuana.

IDRISA: Kwa hiyo mpango wako ulikufa.

NEEMA: Ulijeruhiwa. Lakini kuna jambo moja huwa halisemwi vya kutosha. Niyombare ni Mhutu. Aliyetaka kumpindua rais Mhutu alikuwa jenerali Mhutu, na askari waligawanyika, ila hawakugawanyika kwa kabila. Kwa nchi yenye historia ya mauaji ya kikabila ya 1972 na 1993, hilo si dogo. Miaka kumi ya kulala kambi moja nusu kwa nusu ilikuwa imefanya kazi yake kimyakimya. Ule mgao wa jeshi, mpatanishi wa nje aliusimamia, na ndio uliozuia Mei 2015 isiwe Oktoba 1993.

IDRISA: Hilo sikuwahi kuliangalia hivyo. Sawa. Linganisha basi na Sudan Kusini, nikuonyeshe kwa nini bado nina wasiwasi na majirani wasuluhishi.

NEEMA: Endelea.

IDRISA: Kenya ilifanya kazi kubwa. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Machakos 2002, Naivasha, mpaka saini ya Nairobi Januari 9, 2005. Uhuru ukaja Julai 2011. Lakini mezani walikaa wawili, serikali ya Khartoum na SPLM, waasi wa kusini. Wenye silaha pekee, kinyume kabisa cha Arusha ya 2000. Desemba 2013 SPLM yenyewe inapasuka, Rais Kiir upande huu na Machar, aliyekuwa makamu wake, upande ule. IGAD, jumuiya ya nchi za kanda, inaita mazungumzo Addis Ababa, wakati huohuo jeshi la Uganda, mwanachama wa IGAD, liko Sudan Kusini linapigana upande wa Kiir. Mkono mmoja kalamu, mwingine bunduki! Machar angemwamini nani?

NEEMA: Kampala ilisema inazuia mauaji na kuokoa raia wake.

IDRISA: Na inawezekana iliwaokoa. Waganda wengi walikuwa wafanyabiashara Juba, na Juba ingeweza kuanguka. Sibezi. Lakini huwezi kuwa mlinzi wa mmoja na mwamuzi wa wote wawili. Kama una maslahi, na kila jirani anayo, yatangaze, kisha mwachie mwingine filimbi.

NEEMA: Hapo tumekubaliana, tuandike tarehe. Na uone, ni kosa lilelile la Kampala ya 1979. Kushikilia mtu.

IDRISA: Haya, tuje kwa msikilizaji aliyetuandikia. Anauliza mbona tunaongelea marais na majenerali tu, na wakimbizi je?

NEEMA: Ameniibia hoja yangu. Mimi naamini sera ya nje kuelekea nchi inayotoka vitani huipimi kwenye hotuba za waziri, unaipima kambini. Tulikuwa na Warundi waliokimbia 1972. Wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakajilisha. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wakapokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Duniani ni nadra nchi kutoa uraia kwa wakimbizi wengi hivyo kwa pamoja. Na ilikuwa sera ya amani kwa Burundi pia, kwa sababu hebu fikiria watu wote hao warudi kwa mkupuo kudai mashamba waliyoyaacha miaka 40 nyuma, yanayolimwa na wengine.

IDRISA: Tanzania hiyohiyo, miaka miwili tu kabla, mwishoni mwa 2012, ilifunga kambi ya Mtabila na kurudisha zaidi ya watu 30,000.

NEEMA: Ndiyo.

IDRISA: Na Mei 2015 wengine wakamiminika Kagunga, kijiji cha ufukweni Ziwa Tanganyika, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikaingia. Baadhi walikuwa ndio haohao waliorudishwa. Kisha mapema 2018 Tanzania ikajitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia wakimbizi, sababu zilizotajwa ni usalama na fedha. Na kwenye fedha mimi niko upande wa serikali. Wafadhili wanakupigia makofi kwa ukarimu, halafu wanakuletea mkopo uulipe wewe.

NEEMA: Hoja ya fedha naielewa. Nisichokielewa ni haraka ya kutangaza jirani kapona. Saini ikishatiwa, mwenyeji anataka kambi ifungwe mwaka ujao. Mkimbizi yeye ana kipimo chake. Anamwuliza binamu aliyetangulia kurudi: shamba umelipata? Usiku unalala? Jibu likiwa hapana, harudi, au anarudi na kukimbia tena, na wa mara ya pili huyo haamini tena tangazo la mtu yeyote.

IDRISA: Basi nikuletee sera yangu, maana umenisema sana. Reli ya SGR, Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Musongati kuna nikeli, Uvinza kuna njia ya kufika bandarini Dar es Salaam. Mwaka 1996 tulifunga njia ili kumwadhibu jirani. Sasa tunamjengea njia. Kijana wa Burundi mwenye ajira ana sababu ya kukataa kupewa bunduki. Haihitaji mpatanishi wala posho za hotelini.

NEEMA: Naipenda, kweli. Ila reli nayo inaweza kumshikilia mtu, kutegemea nani anasaini mikataba ya hiyo nikeli.

IDRISA: Kubali tu jambo moja likupite bila kulikosoa!

NEEMA: (anacheka) Haya, nakosoa la mwisho. Uvinza iko mkoa gani?

IDRISA: Kigoma.

NEEMA: Na kambi ya Nyarugusu?

IDRISA: Kigoma.

NEEMA: Mrundi wa Nyarugusu akisikia kuna vibarua kwenye reli inayokwenda kwao, hawezi kujiendea tu. Anahitaji kibali cha kutoka kambini, kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998.

IDRISA: 1998. Mwaka uleule tulipowakaribisha Warundi Arusha kuzungumza amani.

NEEMA: Mwaka uleule.

IDRISA: Hilo sina jibu lake. Fundi, zima mashine.