Feni Kwanza, Video Baadaye

Mhadhara kwa waendesha baiskeli wa Malindi, kabla ya masika

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, ahsanteni kwa kuja. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo. Mkiziba mlango mtatuzuilia upepo, na upepo ndio nilioitwa kuuzungumzia.

Masika yanabisha hodi. Sina haja ya kuwaeleza barabara ya Mambrui na Gongoni inakuwaje mwezi wa Mei, wala ukingo wa lami unavyoliwa na maji kuelekea Gede, wala malori yanavyokurushia tope usoni. Wengi wenu mmeshaamua: baiskeli inaingia ndani, gurudumu la nyuma linapanda kwenye stendi ya kukanyagia papohapo, simu inaegemezwa juu ya kiti, na video ya mazoezi inaanza. Vizuri. Mimi naunga mkono. Nasema hivi waziwazi kwa sababu kila nikizungumza jambo hili, kuna mtu hutoka nje akatangaza kwamba kocha amekataza video. Sikukataza. Nilichosema, na leo nasema tena, ni kwamba zile video zilitengenezwa kwa ajili ya chumba chenye baridi, na chumba chako hakina baridi.

Hebu tuzifikirie zilikotoka. Ni Ulaya na Marekani, kuanzia Desemba hadi Februari. Kule barabara ina barafu, jua linazama saa kumi au kumi na moja jioni, na mtu anashuka gerejini ambako pumzi yake inaonekana. Hapo ndipo mazoezi haya yalipokulia, na yamekomaa kweli. Asiyeyaheshimu na amtazame Mathew Hayman, Mwaustralia. Mwishoni mwa Februari 2016 alivunjika mkono kwenye mashindano ya Ubelgiji. Akaipandisha baiskeli kwenye stendi gerejini kwake, skrini mbele, akakanyaga. Tarehe 10 Aprili mwaka huohuo akashinda Paris–Roubaix, mbio za Ufaransa za zaidi ya kilomita 250, akimtangulia kwenye mstari Tom Boonen, mtu aliyekuwa ameshinda mbio hizo mara nne. Na Desemba 2020 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, likaandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa ndani ya nyumba, kila mtu nyumbani kwake. Upande wa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwa hiyo anayekwambia mazoezi ya ndani ni mchezo wa watoto, mwache.

Lakini Hayman hakuwa hapa kwetu Maweni, kwenye chumba cha bati, mwezi wa Aprili.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu huniponyoka. Mwili wa binadamu unapokanyaga pedeli, nguvu inayofika kwenye mnyororo ni robo tu ya ile unayoichoma, na hapo umejitahidi. Robo tatu zilizobaki ni joto. Kijana anayesukuma wati 200, ambazo wengi wenu mnaziweza, anatengeneza ndani ya kifua na mapaja yake joto la wati 600 hivi. Ni sawa na zile balbu za zamani za wati 100, sita, zimewashwa ndani yako, saa nzima. Joto hilo lazima litoke. Ukiwa barabarani unaenda kilomita 30 kwa saa, upepo unakuvuma mwili mzima bila kuuomba. Ukiwa kwenye stendi huendi popote. Hewa iliyokugusa ngozi imepata moto, imejaa mvuke, na imebaki palepale.

Najua mnachotaka kusema. “Kocha, sisi ni watu wa Pwani, tumezoea joto.” Nimeisikia hoja hii miaka mingi, na wanaoisema ni watu wazima wenye akili zao. Kweli mmezoea. Mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema na hutoa jingi. Lakini jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inachukua joto la karibu saa nzima ya kazi ile niliyoitaja. Lita hiyohiyo ikidondoka sakafuni haijachukua kitu. Umepoteza maji na chumvi bure. Na hapa kwetu, hewani mna unyevu mwingi mno. Mwezi wa Aprili ni maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, hewa imesimama wima. Funga dirisha kwa ajili ya mvua, uone kama jasho litakauka. Kwa hiyo kuzoea kwenu, ndani ya chumba kilichofungwa, kunawapa jasho jingi zaidi la kudondosha. Basi.

Nitawapa mfano, na mwenyewe ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Ni kijana wetu, mwenye miguu mizuri, mmoja wa wale wanaokuvuta mpaka Kilifi bila kugeuka nyuma. Masika yalipoanza alipata video ya saa moja: kupasha mwili moto, kisha vipande vitatu vya dakika 10 kwa nguvu ileile, na mapumziko katikati. Mwalimu wa video amevaa sweta. Anawaambia watu wasivue nguo za juu mpaka mwili upate moto. Kijana wetu akatii, akavaa jaketi. Chumba cha bati, dirisha moja, limefungwa. Feni ipo, lakini ipo kwa dada yake chumba cha pili, naye akaona aibu kuiomba.

Alikuwa amevaa mkanda wa kifuani wa kuhesabu mapigo ya moyo, na namba alinionyesha. Kipande cha kwanza, mapigo 152. Cha pili, gia ileile, mwendo uleule, 164. Cha tatu, 179. Miguu haijaongeza kitu! Moyo ndio uliokuwa ukihangaika, kwa sababu damu imegawanywa: nyingine kwa misuli, nyingine kwa ngozi ikajaribu kutoa joto, na yenyewe inazidi kupungua kwa maji yanayotoka. Na kwenye kioo cha simu mwalimu anapiga kelele: usilegee, dakika 3 zimebaki. Kijana akaona yeye ndiye mvivu.

Mamake alimkuta ameketi sakafuni, ngozi imemsisimka, anasema anahisi baridi. Kile kikoi alichotandika chini ya baiskeli kilikuwa chapachapa. Ukikikanyaga, maji yanapanda katikati ya vidole vya miguu. Nyumbani wakasema malaria. Wakampeleka kupimwa, hakuna malaria. Alikaa siku kadhaa kichwa kinamgonga, na wiki mbili hakuwa na nguvu ya kufika hata Sabaki. Siku nilipokwenda kuiangalia baiskeli yake, bolti za usukani zilikuwa zimeliwa na kutu ya jasho.

Nawaomba mkamate dalili hizi: kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi kusisimka, kuhisi baridi mahali pa joto. Ukiona moja, shuka. Usimalize kipande. Vua, jimwagie maji, kaa kwenye upepo. Na mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mmwagieni maji hapohapo na mumpeleke hospitali, msisubiri kesho.

Basi dawa ni ipi? Feni. Kabla hujatafuta video, kabla hujanunua bando, kabla hujaulizia bei ya stendi ya kisasa, tafuta feni. Ya kusimama ndiyo bora, uiweke mbele kidogo upande mmoja, ikupige kifuani na usoni. Ukipata mbili, ya pili iwe nyuma yako. Iwashe tangu mwanzo, usisubiri utoe jasho. Na madirisha yawe wazi.

“Kocha, sina feni.” Sawa. Una baraza? Una dari ya makuti? Peleka baiskeli huko. Kusi ikishashika, kuanzia Juni, upepo wa baharini ni bure, kaa ukiuelekea. Asubuhi mapema kabla jua halijachoma bati. Mwenye baraza awaite wenzake, watu watatu kwenye baraza moja yenye upepo wanafanya kazi kuliko watatu kwenye vyumba vitatu vilivyofungwa. Majirani watacheka siku mbili, ya tatu watazoea.

Na stima ikikatika, ambayo hapa si habari mpya, simu ina betri, video itaendelea na mwalimu ataendelea kupiga kelele. Feni imezima. Punguza gia, kanyaga taratibu dakika tano, shuka.

Jambo la pili ni namba za kwenye kioo. Video nyingi zitakuambia fanya asilimia 95 ya uwezo wako wa saa moja, yaani nguvu unayoweza kuishikilia saa nzima, au mapigo ya moyo fulani. Namba hizo ukizifuata kwenye joto zitakudanganya. Mapigo yatapanda bila kazi kuongezeka, kama yalivyompandia kijana wetu. Na ukilazimisha wati zilezile ulizozipima asubuhi yenye upepo, utapasuka. Tumieni kipimo cha Gunnar Borg, yule mtaalamu wa Uswidi, cha 6 mpaka 20. Sita ni kukaa tu. Ishirini ni mwisho wa nguvu zako zote. Borg alikipanga hivyo ili ukizidisha kwa 10 upate takriban mapigo ya moyo ya mtu mwenye afya njema, na hapo ndipo tunapofaidika: ukihisi uko 13 na mkanda unasoma 170, joto limekushika. Video ikisema “ngumu kiasi”, kaa 13 au 14, unaweza kutamka sentensi nzima. Ikisema “ngumu”, 16, maneno mawili matatu. Kipande cha tatu kikikupeleka 19 wakati cha kwanza kilikuwa 15 kwa gia ileile, shusha gia. Mwalimu wa video hakuoni. Hajui kama uko Malindi au Milano.

Maji. Jipime mizani kabla na baada, ukiwa umejikausha. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Wengine mtashangaa. Dafu ni zuri, mimi mwenyewe nalipenda, lakini sodiamu yake ni ndogo kuliko inayotoka kwenye jasho, kwa hiyo tia chumvi kidogo na ndimu. Yametosha hayo.

Milima, nitapita mbio. Kuna video za kupanda Alpe d'Huez, mlima wa Ufaransa, kona 21, karibu kilomita 14, na watu wa Malindi wanazipenda kwa sababu kwetu ni tambarare. Elewa kwamba ukiwa na stendi ya kawaida, mlima uko kwenye kioo, haujafika kwenye gurudumu. Mlima ni lazima uutengeneze wewe kwa gia nzito, mizunguko 60 mpaka 70 kwa dakika. Huna kihesabu mizunguko? Hesabu goti la kulia sekunde 15, zidisha kwa 4. Tia tofali chini ya gurudumu la mbele ukitaka mgongo uzoee mkao wa kupanda.

Na hizi video zinazoitwa Tabata! Utafiti wa Mjapani Izumi Tabata wa 1996 ulikuwa sekunde 20 za nguvu za kupita kiasi, sekunde 10 za kupumua, mara saba au nane, na mtu amekwisha. Ni kama dakika 4, na ulifanyika juu ya baiskeli ya ndani. Video ya dakika 40 yenye jina hilo ni mazoezi mengine. Huenda ni mazuri, lakini ukiweza kuyafanya dakika 40, si hayo.

Nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya Ramadhani na juu ya mabinti zetu, naona saa inanifukuza. Kwa ufupi: mwezi wa Ramadhani fanyeni baada ya tarawehe, mkishakunywa maji ya kutosha, na yawe mazoezi mepesi. Kuhusu mabinti, wazee wangu, nawaambia ninyi hasa. Msichana ambaye hamtaki aonekane barabara kuu na malori, hana sababu ya kukosa mazoezi. Mpeni stendi, mpeni ua wa nyumba wenye hewa, na ile feni msimnyang'anye. Moolman-Pasio alipata ubingwa wa dunia akiwa nyumbani kwake.

Jumamosi baada ya alfajiri tutaweka stendi mbili pale barazani kwetu, feni zote mbili, na video moja ya dakika 30 niliyokwisha kuipakua, ili tusitegemee mtandao. Njooni na taulo, chupa mbili za maji na kiatu chenye soli ngumu. Mizani ninayo. Atakayekuja na jaketi ataliacha kwenye msumari. Maswali ya mnyororo na tairi muulizeni fundi, ameketi pale nyuma. Ya joto nileteeni mimi. Naam, wewe bwana wa kofia, anza.