Nani Anaivisha Neva Sukari?

Waheshimiwa, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza huko nyuma kana kwamba mimi nauma: sogeeni.

Protini ina jeni yake. Ukiisoma, unajua protini itakavyopangika. Sukari zinazobandikwa juu ya protini hazina bahati hiyo. Hakuna jeni iliyoandika mnyororo wa sukari. Jeni zinaandika vimeng'enya, navyo hubandika sukari moja baada ya nyingine, sehemu kubwa ya kazi ikifanyika ndani ya Golji, karakana ya seli inayomalizia na kufungasha protini. Sasa, seli ya neva na seli ya ngozi zina jeni zilezile. Mbona sukari zao hazifanani?

Twende kwa nzi wa matunda, yule mdogo anayezengea ndizi zilizoiva. Mwaka 1982 Lily Jan na Yuh Nung Jan, huko California, waliripoti kwamba kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya peroksidasi, kimeng'enya cha mzizi mmoja mkali wa jamii ya haradali, inazishika neva za nzi. Mzizi na neva za nzi, wapi na wapi! Baadaye ikabainika kwamba kinachoshikwa ni sukari, hasa fukosi iliyofungwa kwa namna ambayo mimea na wadudu wanayo, sisi binadamu hatuna.

Kisha likaja jambo linalonifurahisha zaidi. Maabara za nzi hutunza kromosomu iitwayo TM3, chombo cha kazi tu, cha kuhifadhi mabadiliko ya jeni nyingine yasipotee. Viinitete vyenye TM3 mbili vilikuwa na neva, lakini ile alama ya sukari inayoshikwa na kingamwili hakuna. Mwaka 2003 kundi la Michael Tiemeyer likaonyesha kwamba kwenye TM3 jeni ya Tollo imeharibika. Waliporudisha Tollo, alama ikarudi.

Ungedhani Tollo inafanya kazi ndani ya neva. La hasha! Iko kwenye seli za ektodemu, tabaka la nje la kiinitete, majirani wanaoizunguka neva inapokomaa. Ndiyo maana mimi hupokea kwa tahadhari vipimo vya sukari za neva zilizooteshwa peke yake kwenye kisahani.

Na ndani ya neva kuna nini? Mwaka 2011 ikaelezwa jeni nyingine, sff, ambayo wataalamu wa nzi, watu wa utani, wameipa jina la krimu ya keki isiyo na sukari. Hiyo hufanya kazi ndani ya neva yenyewe, na ikikosekana mwenendo wa Golji hubadilika. Tollo ikiondoka huko nje, sff nayo hupungua kunakiliwa, yaani kutumika, humu ndani.