Pweza Ana Haraka, Jongoo Hana

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchokoa pweza. Kila bamvua, maji yakianza kutoka, alijifunga kanga kiunoni, akachukua mchokoo na kikapu, akashuka mwambani. Mapango ya pweza aliyajua kwa majina: la jiwe kubwa, la mkondoni, la bi harusi. Hakuyaonyesha kwa kila mtu. Mama alirithi matatu, mimi nilionyeshwa moja. Baadaye nilikwenda chuo kusoma baiolojia ya bahari, na huko nikakuta kwamba alama alizokuwa akizisoma bibi ndizo zilezile zinazofundishwa darasani: rundo la maganda ya kaa na kombe mlangoni, vijiwe vilivyovutwa kuziba tundu, mchanga uliosafishwa mbele yake. Pweza akishakula hutupa maganda nje ya nyumba. Usafi wake ndio unaomchongea.

Nimeombwa nizungumzie wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Jina ni refu, lakini wenyewe mnawajua: pweza, ngisi, dome, kaa, kamba, chaza, simbi, jongoo bahari, kiti cha pweza, yavuyavu, sifongo, matumbawe. Ndiyo, tumbawe ni mnyama, tutalifikia. Katika kila aina 100 za wanyama duniani, zaidi ya 95 hawana uti wa mgongo. Sisi wenye uti, pamoja na changu, papa na nyangumi, tumo katika hao wachache waliobaki. Hata hivyo likitajwa neno uvuvi, akili zetu hukimbilia mashua, nyavu na jodari. Anachokipata mama kwa miguu yake maji yakipwa hatukitaji, ingawa mara nyingi ndicho kilichopikwa siku ile.

Sitawapitisha kwa wote. Nitakaa kwa pweza na jongoo, kwa sababu ninaona tunawavua kama kwamba ni mnyama mmoja, na tofauti yao ni kubwa mno.

Pweza wetu wa mwambani ana mioyo mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye mashavu anayopumulia, wa tatu unaipeleka mwilini. Damu yake ni ya buluu, maana kinachobeba hewa ndani yake kina shaba, wakati damu yetu sisi ina chuma. Sehemu kubwa ya seli zake za fahamu imo mikononi. Kila mkono unapapasa, unaonja na kuamua mambo mengine bila kusubiri kichwa. Ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya rangi vinavyovutwa na misuli, ndiyo maana unamtazama ni jiwe, unapepesa macho, ni mwani. Kitu kigumu mwilini mwake ni mdomo wake tu, ulio kama wa kasuku. Pale mdomo unapopita, mwili wote unapita.

Haya yote ni ya kustaajabisha, lakini ninalotaka mlibebe ni umri wake. Pweza huyu anaishi karibu mwaka mmoja, na akizidi, ni kwa miezi michache. Dume akishapanda hadhoofiki polepole kama sisi, anakwisha upesi. Jike anajifungia pangoni, anatundika mayai yake mamia ya maelfu kwenye dari kama vishada vya mchele, kisha anayapulizia maji na kuyafuta kwa mikono yake karibu mwezi mzima. Hali chakula. Mayai yakianguliwa, mama anakufa. Ukimchokoa jike aliyekaa juu ya mayai umepata kitoweo chembamba, maana ameshajila mwenyewe, na umeondoa kizazi kizima. Nilipolielewa hili nilikumbuka kwamba bibi alikuwa na mapango anayoyapita bila kuyagusa, anasema "huyu ana kazi." Nilidhani ni maneno ya wazee.

Mwenye maisha mafupi hukua mbio. Pweza mdogo ukimwacha miezi miwili, utakuta uzito wake umeongezeka maradufu na zaidi. Hapo ndipo ilipo faida ya kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua hapo kwa muda. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walijaribu mwaka 2004: walikifunga kipande kimoja tu cha mwamba kwa miezi saba, sehemu nyingine watu wakaendelea kuvua. Walipokifungua, pweza walikuwa wengi na wakubwa. Vijiji vya jirani vikaiga. Kisiwa cha Rodrigues, kilicho chini ya Morisi, kilianza kufunga mwaka 2012, kisiwa kizima, kwa miezi miwili. Na hapa kwetu, Kisiwa Panza huko Pemba wamefunga na kufungua sehemu ya mwamba wao, kwa uamuzi wao wenyewe. Anayelala njaa leo hawezi kusubiri miaka mitano, lakini miezi mitatu, akiwa ana sehemu nyingine ya kuvua, anaiweza. Pweza anatulipa deni kabla hatujasahau kwamba tulimkopesha.

Sasa jongoo.

Jongoo bahari tunamdharau kwa sababu sisi hatumli. Analala tu mchangani, ukimkanyaga hakimbii, na hana uso. Lakini mtazameni anavyoishi. Jongoo wa mchangani hupumua kwa mlango wa nyuma: anavuta maji humo, yanaingia kwenye matawi mawili yaliyosambaa tumboni kama mti, kisha anayatoa. Baadhi ya aina zake zikitishwa hutoa utumbo nje, adui ashughulike nao, na baada ya wiki kadhaa zinaota utumbo mpya. Chakula chake ni mchanga. Anaumeza, anakula vijidudu na mabaki yaliyooza yaliyomo ndani, anautoa ukiwa safi. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, anaulima uwanda wa majani bahari kama mkulima anavyogeuza udongo. Uwanda usio na jongoo hujaa uchafu na ukungu wa mwani juu ya mchanga, na majani bahari ndiyo malezi ya kamba na tasi wetu.

Nje wanamlipia sana. Anapasuliwa, anachemshwa, anazikwa, anasuguliwa, anakaushwa, kisha anasafirishwa kwenda China. Kuna aina tunazoziita pauni, pauni mweupe na pauni mweusi, ambazo tangu mwaka 2020 biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji kibali maalumu chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi wa jongoo katika miaka ya 2000. Wazee wa hapa wanakumbuka walipokuwa wakimwokota kwenye maji ya kifundoni mwa mguu. Leo kijana anazama na mtungi wa hewa, na bado anarudi na wachache.

Kwa nini tusimfungie miezi mitatu kama pweza? Swali hili niliulizwa na mzee mmoja, na nililipenda. Jibu limo katika namna anavyozaa. Jongoo hapandi. Ukifika wakati wake, mara nyingi kwa kufuata mwezi, dume na jike huinua nusu ya mwili juu ya mchanga, wanasimama wima wakiyumba, na kila mmoja anamwaga mbegu zake majini. Jike anaweza kumwaga mayai milioni na zaidi. Lakini mayai hayo yatakutana na mbegu za kiume ikiwa tu dume yuko karibu. Akiwa mita nyingi mbali, bahari inazipoteza. Kwa hiyo jongoo 20 waliotawanyika katika ghuba nzima wanaweza kuwa hai, wenye afya, wakasimama wima kila mwezi, na kusiwe na mtoto hata mmoja. Tunawaona tunasema bado wapo. Wapo, ila kuzaana kumekwisha.

Mnyama huyu anahitaji kukaa kwa wingi pamoja, na kwa miaka. Kumfungia miezi mitatu ni sawa na kutomfungia. Bora kuwa na eneo dogo lisiloguswa kabisa, walimo wengi kwa ukaribu, kuliko sheria pana inayowaacha wamesambaa. Na wale wanaofuga kutoka kwenye vifaranga wanasaidia, ilimradi sehemu ya mavuno irudi baharini ikae. Mnunuzi hawezi kulipenda shauri hili. Mimi nalisimamia.

Nilisema nitalifikia tumbawe. Kichwa kimoja cha tumbawe ni mji wa wanyama wadogo wadogo, kila mmoja ni mdomo uliozungukwa na vijimkono, kajenga kikombe cha chokaa chini yake. Ndani ya nyama yao wamo mwani wasioonekana kwa macho, wanaopika chakula kwa jua na kumgawia mwenye nyumba. Maji yakizidi joto, ushirika huo unavunjika, tumbawe linabaki jeupe na linaweza kufa. Mwaka 1998 tuliliona hilo pwani yetu yote. Misikiti na nyumba za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe zimesimama kwa mawe na chokaa ya wanyama hawa. Tumbawe gumu la duara hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Basi lile lililofika magotini ni rika la baba zetu, na nimeshuhudia likivunjwa kwa nondo ili atolewe pweza wa mwaka mmoja.

Neno dogo kuhusu simbi, maana vijana wananiuliza zina kazi gani. Huko Buganda fedha mpaka leo inaitwa ensimbi, kwa sababu simbi kutoka pwani hii ndizo zilizokuwa fedha yao. Mwenye gamba lile ni konokono anayejificha chini ya jiwe. Ukiligeuza jiwe ukaliacha limelala chali, vyote vilivyoota upande wa kivuli vinaungua na jua.

Jumanne ni bamvua, maji yatapwa kabisa karibu saa nne na nusu asubuhi. Anayetaka kuja avae viatu vya kufunga, nondo aiache nyumbani. Tutageuza mawe na kuyarudisha yalivyokuwa. Wenye mapango yao hawatalazimika kuyaonyesha. Tutakwenda kwenye langu, lile nililoonyeshwa na bibi, na tukimkuta jike juu ya mayai tutapita.