Gata na bati za plastiki karibu na barabara kubwa: jinsi ya kujua kama ni uchafu au zimechoka

Habari zenu jamani, leo tuko Tabata, Dar es Salaam, hapo nyuma ni Mandela Road, malori ya bandarini yanapita mchana na usiku, na tunapima hizi gata nyeupe za PVC pamoja na bati za plastiki zinazopitisha mwanga, maana watu wakiona zimekuwa nyeusi wanajua ni uchafu tu, zikiwa njano wanasema wameuziwa feki.

Panda ngazi, mtu aishikilie chini. Chagua kipande cha gata upande wa barabarani, osha na sponji laini na maji ya sabuni, kausha. Sasa chukua kitambaa cheusi kikavu ufute palepale... mnaona huu unga mweupe kama chaki? Hilo siyo vumbi, tumeshaosha. Ni ngozi ya juu ya plastiki imeliwa, jua limeivunja mpaka ile rangi nyeupe iliyochanganywa ndani inabanduka. Moshi nao unaongezea, gesi zake za nitrojeni na salfa zikikutana na unyevu zinakuwa asidi, masizi yanaishikilia hapohapo, halafu kwa weusi wake yanavuta joto. Rudia kipimo kwenye gata ya upande unaopigwa jua vilevile ila uko mbali na barabara, ulinganishe.

Twende kwenye misumari ya bati, na hapa naomba muangalie vizuri sana. Toa washa moja ya mpira, ikunje taratibu. Hivi vinyufa vidogovidogo vimeletwa na ozoni, ambayo haitoki kwenye eksozi moja kwa moja, inatengenezwa pale moshi wa magari unapopigwa na jua, na inapenda kukata mpira uliovutika. Washa ya hivi badilisha leoleo, nyumba nyingi zinavuja hapo na mtu anahangaika kununua bati zima.

Kusafisha ni sponji na sabuni basi, stili waya inakwangua kinga ya jua, na kama bati ni polikaboneti, aina ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, thina na petroli zinalipasua kabisa. Silikoni ya kuziba yenye harufu ya siki nayo msiweke kwenye polikaboneti, ulizeni dukani ile isiyo na asidi.

Na ukifunga bati jipya, ule upande wenye nailoni yenye maandishi ndo wenye kinga ya jua, uuelekeze juu kwenye jua, nailoni uitoe ukishamaliza kufunga.