Mwarobaini Ukishaingia Tanurini

Ahsanteni kwa kuja. Unga mweupe mnaouona kwenye kichupa hiki ni oksidi ya zinki, ileile iliyomo kwenye kalamaini tunayowapaka watoto wenye tetekuwanga. Ila chembe za huu ni za nano, chini ya nanomita 100. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Sikifungui, maana vumbi lake si la kuvuta puani.

Unga huu, unaosifiwa kuua bakteria na vimelea, hutengenezwa kwa mwarobaini. Majani yake huchemshwa, maji yakachujwa, yakatiwa nitrati ya zinki, yaani chumvi ya zinki, na kukorogwa motoni. Fenoli na flavonoidi, kemikali za asili za majani, hushikana na zinki, zikazuia chembe zisirundikane. Unabaki uji mzito wa kahawia. Wengi huuingiza tanurini, nyuzi 400 au zaidi, na unatoka unga kama huu.

Nyuzi 400, jamani! Jani gani litastahimili? Karibu mwarobaini wote umekwenda na moshi. Kwa hiyo mtu akiniambia unga wake una nguvu za mwarobaini, namuuliza: uliuchoma, au uliukausha tu? Ukikaushwa kwa nyuzi 60 au 80, sawa, mabaki ya mmea yamegandia kwenye chembe. Ukichomwa, mmea ulikuwa fundi, na fundi ameshaondoka.

Anayebaki kupigana na bakteria ni zinki. Chembe huachia ioni zake, yaani atomi za zinki zenye chaji ya umeme, tena huzalisha kemikali kali za oksijeni, haidrojeni peroksaidi ikiwemo, zinazoharibu utando wa bakteria. Ndiyo maana jaribio lisilopima pia chumvi ya zinki peke yake, na maji ya majani peke yake, mimi halinishawishi. Na msiyaamini sana yale maduara yasiyo na bakteria yanayotokea kuzunguka dawa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria: chembe hizi hazisambai humo kama dawa ya kawaida, hivyo duara dogo si lazima liwe udhaifu.

Kwa vimelea kazi ni ngumu zaidi. Chukueni Leishmania, kimelea anayeleta ugonjwa wa kala-azar kule Baringo na Turkana, Kenya. Anapotoka kwa usubi, mdudu anayemweneza, ana mkia, anaogelea. Huyo hufugika kirahisi kwenye chupa, na ndiye maabara nyingi humuua kwanza. Ndani ya mgonjwa mkia umeshafupika, naye amejificha ndani ya seli za kinga, zilezile zilizommeza ili zimwangamize. Dawa imfuate humo, imuue, seli ibaki hai. Mkisikia unga fulani umeua Leishmania, ulizeni ni yupi kati ya hao wawili, na seli za binadamu zilipopewa dozi hiyohiyo zilisalia ngapi.