Kwanza Niambie Saa Yako Inatoka Wapi

Nimelisema hili mara nyingi hadi wengine mmeanza kunikwepa, lakini narudia: ukichagua kigeuzi cha analogia kwenda dijitali (chipu inayopima wimbi na kuligeuza kuwa namba) cha kupanda na setilaiti, usianze na idadi ya biti, yaani tarakimu za 0 na 1 katika kila kipimo.

Chukua mawimbi ya megahezi 1,000 yenye upana wa megahezi 40. Unapiga sampuli, yaani vipimo, milioni 160 kwa sekunde, nayo yanajikunja: yanaonekana kana kwamba ni ya megahezi 40. Naona mkono umenyooshwa: Nyquist, yule wa kanuni ya sampuli, si alitaka mara mbili ya masafa? Mara mbili ya upana, bwana. Upana! Mradi bendi yako yote ikae ndani ya ukanda mmoja (kila ukanda ni nusu ya kasi ya sampuli, hapa megahezi 80), hupotezi kitu, na hatua nzima ya kushusha masafa unaiacha duniani pamoja na uzito wake.

Kasheshe ni saa, yaani mapigo yanayokiambia kigeuzi lini kichukue kila sampuli. Sampuli ni za polepole, sawa, lakini kila moja inadakwa kwenye mteremko mkali wa wimbi la megahezi 1,000. Ukichelewa kidogo, umesoma thamani nyingine. Saa ikiyumba pikosekunde 1 (sehemu moja ya trilioni ya sekunde), ishara haiizidi kelele kwa zaidi ya desibeli 44. Hizo ni biti 7.

Kijana mmoja alileta kigeuzi cha biti 14, akapata hizo 7. Wiki tatu anatafuta kosa kwenye programu. Kaandika upya vichujio, kabadilisha hesabu, kanionyesha michoro ya rangi. Nikamuuliza: saa inatoka wapi? Kimya. Alikuwa ameipitishia ndani ya chipu ya mantiki inayoendesha kila kitu kingine, eti kwa sababu pini ilikuwa wazi. Tukaitoa moja kwa moja kwenye kristali inayoizalisha. Kelele ikashuka siku hiyohiyo, programu haijaguswa.

Kwa hiyo biti hazina maana? Sijasema hivyo. Lakini biti 14 kamili kwenye megahezi 1,000 zinadai jumla ya kuyumba isiyozidi femtosekunde 8 hivi (femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde), na vigeuzi vingi huyumba makumi ya femtosekunde vyenyewe, kabla hujavipa saa yoyote. Unanunua biti za kupigia picha.

Naonyeshwa saa ya ukutani. Hiyo angalau haiyumbi. Haraka basi. Kasi ya sampuli haikuambii kama mlango wa kigeuzi unapitisha megahezi 1,000: soma upana wa ingizo. Weka kichujio mbele yake, la sivyo kelele za kanda zote 13, kuanzia sifuri hadi ule wa ishara yako, zinajikunja juu ya ishara yako, desibeli 11 za bure. Mionzi: chembe moja nzito inaweza kufungua njia ya mkondo ndani ya chipu, isizimike mpaka ukate umeme, na huko juu hakuna wa kuchomoa waya. Joto... hapana, joto tutaliruka. Maswali? Wewe wa nyuma, kama ni la biti, keti.